Pipa Lililojaa

Ukungu ulikuwa umelikalia shamba la Valmorette tangu alfajiri, na haukuonyesha dalili ya kuondoka. Mizabibu ilionekana safu tatu za mbele tu. Zilizobaki uziamini usiziamini, shauri yako. Mahali fulani ndani ya weupe ule wapogoaji walikuwa wakichoma matawi ya Februari, na moshi ukaja chini chini, mtamu mtamu, ukaingia kwenye nguo za watu bila kubisha hodi.

Kapteni Ludivine Garrigou aliliacha gari nje ya lango. Akaitia beji yake mfukoni, akajifunga skafu nyekundu ya dada yake, na kuanzia hapo hakuwa polisi tena. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Bayonne, aliyekuja kutembezwa na kuonjeshwa mvinyo Jumamosi asubuhi, kama watu wengine wenye nafasi na kiu.

Dirisha la nyumba ndogo ya langoni likafunguka. Solène Rouquette, binti wa marehemu, alitoa kichwa. Mimba yake ilikuwa ya kusubiri siku tu, na macho yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Kapteni."

"Shh! Leo mimi ni mgeni tu, mama. Hunijui."

"Jioni wanampeleka kwa hakimu."

"Najua."

"Hakimu akitia saini, ndiyo basi tena. Nitajifungua mume wangu yuko rumande." Alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili. "Baba yangu huwezi kunirudishia, na sikuombi. Nirudishie Thibaud."

Garrigou hakuahidi. Aliogopa kuahidi, kwa sababu mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mwangalie Aurélien," Solène alinong'ona. "Yule msimamizi wa ghala. Funguo zote anazo yeye. Hata shangazi akitaka kitu mle humwomba."

"Funga dirisha, utapata baridi," kapteni alisema, akashika njia.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi mno, na wepesi huo ndio uliomkera tangu alipokabidhiwa faili jana yake, baada ya mwenzake kulazwa hospitali. Hubert Fontanel, mwenye shamba, alikutwa ghalani amelala kifudifudi kati ya mapipa, amepigwa kichwani kwa nyundo ya mbao, ile ya kugongea vizibo. Jumapili iliyotangulia, mezani, watu wakila bata, alikuwa ametukanana na mkwewe Thibaud hadi majirani wakasikia. "Iko siku nitakunyamazisha wewe mzee!" Thibaud alisema hivyo, na mashahidi wapo. Siku ya mauaji akaonekana anatoka ghalani mbio, viatu vimelowa. Mwenyewe alisema alimkuta mzee ameshakufa, akaingiwa na woga, akatimua mbio. Na sakafu je? Aliikuta mbichi, imeshaoshwa. Nani angemwamini? Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Lakini Garrigou alizikodolea picha za ghala lile hadi macho yakamuuma. Damu ilikuwa pale pale ilipomwagika, hakuna aliyeigusa. Palipooshwa ni hatua chache pembeni, chini ya pipa la mwisho. Muuaji gani huyu anayeacha damu na kupiga deki pasipo na damu? Basi aliosha kitu kingine, na katika ghala la mvinyo kitu kingine ni nini kama si mvinyo? Sajini Kervella alitumwa na tochi akague pipa moja moja. Akarudi na jibu baya: mapipa yote yamejaa hadi mdomoni, hakuna lililopungua hata kikombe. Njia ikafungwa hapo.

Ndiyo sababu ya ile skafu. Kapteni alitaka kuwaona watu hawa na mapipa yao wakiwa hawajui kwamba wanatazamwa.

*

"Karibuni, karibuni. Msiwe na haraka. Ukungu huu hauwapendi watu wa haraka."

Aliyesema hivyo alikuwa Bi Clémence Fontanel, dada wa marehemu. Ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni pale kwa miaka mingi. Mrefu, mwembamba, mvi kazifunga nyuma kwa utepe, koti la kiume begani. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayelaza mtoto, na ukiisikiliza unajikuta na wewe unapunguza yako.

Wageni wengine walikuwa wawili tu, mtu na mkewe kutoka Liège. Bwana Delvigne alikuwa na mashavu mekundu kabla hata ya kuonja chochote. Mkewe alikuwa na kazi moja duniani, kumkanya.

"Poleni na msiba, Bi Clémence," alisema Bibi Delvigne. "Tulidhani mmefunga."

"Asante sana, mama. Tumemzika Jumatano. Lakini mvinyo haukai matanga."

Wakamfuata ndani ya ukungu. Walitembea kati ya safu za mizabibu kama wanaotembea usingizini. Mbele unaona mgongo wa mwenzako, nyuma huoni kitu. Sauti za wakataji zilitoka pande zote na mtu mwenyewe haonekani. Bi Clémence alikuwa akipita na kugusa vichwa vya mizabibu, huu na huu, bila kuangalia, kama mama anayehesabu wanawe kitandani gizani.

Wakafika kipande cha shamba ambacho mizabibu yake ilikuwa mizee, minene, imejipinda vibaya. Kila mmoja ulikuwa umefungwa utepe mwekundu.

"Ah, hapa kuna harusi!" Bwana Delvigne alisema.

"Ya kung'olewa," Bi Clémence alijibu.

"Yote hii?"

"Yote. Aliipanda bibi yangu, Bibi Apolline, kwa mkono wake, na mumewe yuko vitani. Siku hizi mvinyo haununuliwi kama zamani, serikali inawalipa watu wang'oe. Kaka yangu alikwisha andikisha." Aliukung'uta utepe mmoja kwa kucha. "Matrekta yalikuwa yaje wiki hii."

"Na sasa?" Garrigou aliuliza.

Bi Clémence alimgeukia. Macho yake yalikuwa ya kijivu, mapole.

"Sasa hakuna wa kuyaita, dada yangu. Hati ilikuwa yake. Solène hawezi kuing'oa, nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki."

Garrigou aliliweka hilo akilini, akajifanya anafunga skafu vizuri.

*

Ghala lilikuwa chini ya nyumba, na ngazi zake za mawe zilikuwa zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa. Ukishuka, baridi inakupokea, kisha harufu: mwaloni, unyevu, matunda yaliyoiva kupita kiasi, na chini ya yote hayo kitu fulani kizito kinachokaa kichwani. Taa zilikuwa chache. Mapipa yalilala safu kwa safu, matumbo juu, na kila moja mdomoni lilikuwa na kizibo chake. Huwezi kupiga kelele mahali kama pale. Hata Bwana Delvigne alivua kofia.

"Yanapumua," Bi Clémence alisema taratibu. "Mnajua? Mti unakunywa mvinyo, mvinyo unapita kwenye mti, unakwenda hewani. Kila wiki pipa linapungua kidogo. Sisi husema ni fungu la malaika."

"Malaika wa huku wamebahatika," Bwana Delvigne alisema.

"Gustave!" mkewe akamkanya.

"Basi kila wiki lazima pipa lijazwe," Bi Clémence aliendelea, akipitisha kiganja juu ya ubao. "Likiachwa na pengo hapo juu, hewa inaingia, na hewa ndiyo adui. Siku chache tu, mvinyo wa mwaka mzima umegeuka siki. Mvinyo una adui mmoja tu duniani."

"Wawili. Mwingine ni mimi."

Mkewe alimfinya. Bi Clémence alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri kweli, cha msichana. Akachukua bomba la kioo la kuonjea, akang'oa kizibo, akazamisha bomba, akaziba juu kwa kidole gumba, akawamiminia kila mtu kidogo kwenye glasi. Garrigou alionja. Mvinyo ulikuwa mchanga, mkali, wa zambarau, na baada ya kuumeza ulibaki ukisema kitu ambacho hakukielewa. Alihisi miguu yake iko mbali. Alijilazimisha kutazama vitu vya wazi mbele yake: ndoo ya kutemea mvinyo ulioonjwa, kitambaa kilichokunjwa mara nne, nyundo mpya ya mbao, maana ile ya zamani ilikuwa ndani ya mfuko wa ushahidi.

Na alitazama mikono ya Bi Clémence. Kabla hajaonja glasi yake, kabla hajajibu swali la mtu, mikono ile ilirudisha mvinyo ulipotolewa, kutoka kwenye mtungi mdogo ulioandaliwa na msimamizi, tone kwa tone hadi ukingoni. Ikarudisha kizibo, ikafuta. Uso wake hata haukuwa pale, alikuwa akizungumza na Bibi Delvigne habari za baridi ya Ubelgiji.

"Na mkiishiwa mvinyo wa kujazia?" Garrigou aliuliza. Aliliuliza kivivu, kama swali la mtalii anayetaka kuonekana anafuatilia.

"Ah!" Bi Clémence akang'aa. "Hilo ni swali zuri. Wageni wengi hawaulizi."

Akaegemea pipa, na wote wakasogea bila kuambiwa.

"Wakati wa vita, wanajeshi walichukua kila kitu humu. Bibi Apolline akabakiwa na mapipa machache, na yanapungua, na hana hata chupa moja ya kujazia. Angefanya nini? Alikaa hapa kwenye ngazi akalia. Halafu akawasikia watoto huko juu wanacheza gololi. Akapanda, akawanyang'anya zote! Walilia, wacha! Akazichemsha, akazikausha kwa kitambaa safi, akashuka, akawa anadondosha moja, moja, moja, mpaka mvinyo ukapanda ukafika mdomoni. Pengo likaisha. Mvinyo hauogopi jiwe, wageni wangu. Unaogopa hewa."

"Lo! Akili hizo!" alisema Bibi Delvigne.

"Na leo mnafanya hivyo?" Garrigou aliuliza.

"Leo? Aurélien angenifukuza! Amesoma chuo huyo. Mvinyo wa kujazia anao ndani ya tangi lake, na kufuli juu, na ufunguo haumtoki mfukoni. Tunaomba kwake kama masikini."

"Gololi zenyewe zipo? Ningependa kuziona," Bibi Delvigne alisema.

Bi Clémence alinyamaza kidogo tu. Kidogo sana.

"Zilishapotea, mama. Tangu sisi watoto. Watoto si unawajua."

Walivyosema wahenga, mdomo huponza kichwa. Ukutani, nyuma ya Bi Clémence, kulikuwa na rafu yenye vitu vya Bibi Apolline: mkasi wake wa kupogolea, taa ya mafuta, picha yake akiwa amekunja uso. Vumbi lilikuwa limevifunika vyote sawasawa. Na katikati yake palikuwa na duara safi, la ukubwa wa kopo la biskuti, ambapo vumbi halikuwahi kupata nafasi.

Garrigou aligeuza macho upesi. Akanyoosha kidole kwenye pipa la mwisho la safu, la pembeni kabisa.

"Na lile, Bi Clémence? Tunaweza kulionja?"

"Lile ni la mizabibu mizee, ile ya utepe." Sauti haikubadilika hata kidogo. "Limelala bado. Tusiliamshe."

*

Chumba cha kuonjea kilikuwa juu, na moto ulikuwa unawaka kwa matawi ya mizabibu. Nje ya madirisha ulikuwa weupe mtupu, utadhani nyumba imeinuliwa na kuwekwa mawinguni. Bi Clémence alipanga glasi, mkate, jibini. Bwana Delvigne alikataa katakata kutema.

"Nimeendesha gari toka Liège nije kutema? Mimi si mwendawazimu."

"Utaendesha wewe kurudi?" mkewe aliuliza.

"Wewe."

Garrigou aliomba radhi, akauliza choo kiko wapi, akatoka. Uani alimkuta Aurélien Dubosc akiosha mipira ya maji. Kijana wa miaka thelathini na kitu, ndevu, buti za mpira.

"Choo ni mlango ule," alisema bila kuinua kichwa.

Kapteni alimwonyesha beji. Aurélien alifunga bomba la maji.

"Ala! Mmerudi tena? Nimeshasema yote."

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nimeandika. Kwa daktari wa meno. Nilikuwa na shavu hivi! Muulizeni daktari, ana alama ya meno yangu kwenye kidole."

"Ufunguo wa tangi la kujazia?"

"Nilikuwa nao. Hautoki kwangu."

"Kwa hiyo siku ile hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kujaza pipa."

"Hakuna. Mtungi wa kando ulikuwa mtupu, niliuosha mwenyewe." Alikunja uso. "Kwani kuna pipa lilipungua? Sajini wako alikuja na tochi yake, alinisumbua asubuhi nzima. Yamejaa."

"Twende ukanipimie moja. Kimya kimya, tupite mlango wa nyuma."

Wakashuka. Mbele ya pipa la pembeni Aurélien aling'oa kizibo kwa uangalifu, akamulika. Mvinyo ulikuwa umefika mdomoni kabisa, mweusi, umetulia.

"Unaona? Limejaa."

"Ingiza fimbo."

"Nini?"

"Ile fimbo yako ndefu ya kukorogea. Iguse chini."

Aliizamisha akiguna, kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Fimbo ilishuka, ikashuka, kisha ikasikika sauti ndogo kutoka tumboni mwa pipa, krr, krr, ya vitu vya kioo vinavyobingirika. Aurélien aliganda. Akaisogeza tena. Krr.

"Nani kaweka upuuzi huu ndani ya pipa langu?"

"Si wewe?"

"Mimi? Mimi nina tangi zima la mvinyo wa kujazia! Niweke mawe ya nini? Kwenye mvinyo huu?" Alikuwa amekasirika kweli kweli, na hasira ile ilimsafisha kuliko daktari wa meno. Alitafuta waya mrefu wenye kikombe mwishoni, akahangaika, akavua kitu kimoja, akakifuta kwa shati. Kilikuwa gololi ya kioo, ya buluu.

"Na Thibaud je? Anaweza kujua mambo haya?"

Aurélien alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Thibaud? Afande, yule anatia barafu kwenye mvinyo mwekundu. Akiona pipa linavuja ataita fundi bomba." Halafu kicheko kikamkauka. Aliitazama gololi ile, akaitazama rafu ya Bibi Apolline, akakaa juu ya ngazi polepole. "Hapana," alisema. "Hapana, Afande. Jamani, si yeye."

Garrigou aliichukua gololi ile mkononi mwake. Lilikuwa limekaa sawa sasa, kila kipande mahali pake. Mtu aliyeua mle ndani hakuwa mgeni wa ghala. Mgeni angekimbia. Huyu alibaki. Aliona mvinyo umemwagika akauosha, akaliona pengo chini ya kizibo, na hakuweza, hakuweza kabisa, kuondoka na kuliacha. Ufunguo hana. Basi akafanya alivyofundishwa na bibi yake.

*

Akina Delvigne walikwisha kuondoka. Gari lao lilisikika likinguruma ndani ya ukungu, na mke akimwambia mume afunge mkanda. Bi Clémence alikuwa akikusanya glasi. Garrigou aliingia, akafunga mlango, akaiweka beji yake mezani na gololi kando yake.

Bi Clémence alivitazama vyote viwili. Aliichukua gololi.

"Umelifungua," alisema. "Aurélien ameliziba vizuri?"

"Ameliziba."

"Haya." Akakaa. Alionekana kama mtu aliyesafiri mbali sana na ndiyo kwanza amefika.

"Bi Clémence, una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili."

"Nimenyamaza wiki nzima. Nimechoka." Alikuwa akiizungusha ile gololi kiganjani. "Alinipeleka mwenyewe mbele ya lile pipa. Hubert. Nilimpigia magoti, mtu wa umri wangu, nikamwambia kaka, ng'oa popote, uza nyumba, lile shamba la bibi liache. Akasema mvinyo wake hata kiwanda cha spiriti hakiutaki. Akachomoa kizibo cha chini, akauachia. Ukawa unatiririka sakafuni, na yeye anacheka. 'Tazama thamani yake,' anasema. Sikujua nimeshika nini mkononi. Wallah, sikujua."

"Akaanguka."

"Akaanguka. Na mvinyo bado unamwagika. Nikakimbilia pipa."

Moto ulipasuka mekoni.

"Nikaliziba chini. Nikafungua juu nikaona pengo. Ufunguo hakuna, Aurélien hayupo. Nikachukua kopo la bibi. Nikazichemsha, Kapteni. Nilipanda jikoni nikazichemsha, nikazikausha, nikashuka. Nikadondosha moja moja. Nikaosha sakafu, maana mvinyo ukikauka unanuka siki na siki inaambukiza mapipa mengine. Na nilipomaliza nikageuka."

"Alikuwa anapumua? Ulipolikimbilia pipa?"

Machozi yalimtoka Bi Clémence bila uso wake kukunjamana hata kidogo.

"Alikuwa ananiita," alisema. "Aliniita jina la utotoni. Nilimwambia ngoja, ngoja kidogo, naja."

Kapteni Garrigou alikuwa amesikia mengi katika kazi yake, lakini pale ilimbidi aangalie dirishani. Ukungu ulikuwa bado umesimama kwenye kioo.

"Na Thibaud?" aliuliza hatimaye, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Ulimwona anaingia, ulimwona anakimbia, ukanyamaza. Mume wa mtoto uliyemlea."

"Mtu aliyefungwa hutoka. Ipo siku hutoka. Mzabibu ukishang'olewa hautoki tena."

"Mtoto wake angezaliwa hayupo."

"Najua." Akaiweka gololi mezani kwa uangalifu isibingirike. "Kila usiku nilisema kesho nitakwenda kusema. Kila asubuhi kulikuwa na pipa la kutazama."

Garrigou alitoka barazani, akampigia Sajini Kervella, akampa maneno machache. Ampigie mwendesha mashtaka. Ya hakimu yasimamishwe. Thibaud Rouquette afunguliwe, apewe mkanda wake na kamba za viatu, na mkewe apigiwe simu sasa hivi, asisubiri hata dakika moja zaidi. "Na ukimpigia mwambie hilo tu, Sajini. Yaliyobaki nitamwambia mimi."

Alirudi, akamshika Bi Clémence kiwiko, bila pingu. Wakatoka pamoja uani. Aurélien alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, kofia mkononi, hawezi kuwatazama.

Ndipo waliposikia miguu kwenye changarawe. Solène alitokea katika ukungu, anakimbia vibaya vibaya huku amelishika tumbo, nywele hazikufungwa, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Shangazi! Shangazi! Wanamwachia! Sajini kanipigia mwenyewe, anakuja nyumbani, anakuja leo hii!"

Garrigou aliinua mkono kumzuia, lakini alichelewa. Solène alikwisha jitupa kifuani mwa shangazi yake, akamzungushia mikono shingoni. Mikono ya Bi Clémence ilining'inia kwanza, kisha ikapanda, ikampapasa mgongoni polepole.

"Asante, Kapteni," Solène alisema juu ya bega lile, uso umelowa. "Mungu akubariki. Nilijua si yeye. Ni nani basi? Mmempata?"

Bi Clémence alimbusu kwenye nywele.

"Niachie sasa, mwanangu," alisema. "Kapteni ananisubiri mimi."

Solène alicheka, akamkumbatia zaidi.